Hariri kwa Maji ya Majivu

Nianze kwa kukiri ujinga wangu mapema, usije ukanisikia nasimulia habari za hariri ukadhani unaongea na mtaalamu. Mwezi uliopita, pale sokoni Same, nilinunua tausi. Si wa kufuga. Wa kudariziwa, amekaa ndani ya fremu yenye kioo, mkia umefunguka rangi zote. Mchuuzi alisema ni hariri tupu, kazi ya mkono, na mimi nikatikisa kichwa taratibu kama mtu anayejua anachokitazama. Sikujiuliza kwa nini mgongo wa picha umezibwa kwa kadibodi na gundi. Nikambeba hadi nyumbani, nikamtundika juu ya redio, nikakaa kwenye kochi langu, ambalo ndilo ofisi yangu, nikamwangalia siku mbili nzima.

Siku ya tatu joto la hapa kwetu likalegeza gundi, kadibodi ikadondoka, mgongo wa tausi ukawa wazi. Nyuzi nyeupe za mashine, zimepita mstari kwa mstari, kila unyoya pacha wa mwenzake. Nikachomoa uzi mmoja nikauwashia kiberiti. Hariri ikiungua hunuka kama nywele, na jivu lake ukiligusa linasagika. Huu ulinuka kama ndoo ya plastiki, ukajikunja ukawa kishanga kigumu cheusi.

Jirani yangu alikuwa amekaa kibarazani kwangu anachambua maharage. Baba yake aliletwa zamani kutoka Kigoma kukata mkonge, yeye akazaliwa huku huku tambarare, na kwa miaka yote tuliyokaa ukuta kwa ukuta hajawahi kunionea huruma hata siku moja.

"Huyo tausi wako, mwenzangu," alisema, "ni ndugu yake na beseni."

Nilicheka. Halafu nikachoka ghafla, uchovu ule usiotokana na kazi, maana kazi yenyewe sikuwa nimeifanya. Kati ya watu wote wa wilaya hii, mimi ndiye niliyekuwa sina ruhusa ya kununua darizi bila kuona mgongo wake. Nililelewa na watu waliotazama mgongo kwanza, na uso baadaye, kama muda ukibaki.

Ilikuwa Mhezi, kule juu milimani, ambako asubuhi ukungu huingia jikoni bila kubisha hodi. Nilipelekwa kuishi kwa bibi mzaa mama nikiwa darasa la tatu. Nyumba ya bibi ilikuwa na vyumba viwili, jiko la nje, migomba nyuma, mibuni pembeni, na mfereji uliopita chini ya shamba ukileta maji kutoka kwenye ndiva, lile bwawa la wazee wetu linalojazwa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Siku ya zamu yetu sauti ya maji ilifika kabla ya maji yenyewe. Mpaka leo nikisikia bomba linavuja, mwili wangu unataka kuamka ukashike jembe. Namshukuru Mungu unaishia kutaka tu.

Ilikuwa miaka ile ya duka tupu. Duka la ushirika lilikuwa na mizani, karani na kalenda. Bidhaa zilikuja kwa uvumi. Mtu akisema amesikia kuna sukari, kijiji kizima kinapanga foleni, na jioni kinarudi na habari kwamba aliyesema sukari alimaanisha chumvi. Tulikula ugali wa unga wa njano, na makande tulipojaliwa mahindi yetu. Sabuni ndiyo ilikuwa haionekani kabisa. Bibi alikusanya maganda ya ndizi, akayakausha, akayachoma, majivu yake akayatia kwenye chungu chenye tundu chini na kuyamwagia maji. Yale maji yaliyochuruzika, ya rangi ya chai nyepesi, ndiyo yaliyofulia sare zetu. Yaliuma vidole, lakini shati la shule lilitoka jeupe mpaka mwalimu akaniuliza nyumbani kwetu tunafanya magendo ya sabuni na nani.

Hapo nyumbani aliishi pia mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ambaye alikuwa bado hajaolewa. Mama mdogo alikuwa amefanya usafi miaka kadhaa katika hospitali kule Gonja, na huko muuguzi mmoja wa Kizungu alimfundisha kudarizi. Muuguzi yule aliporudi kwao alimwachia kopo la biskuti. Ndani hakukuwa na biskuti. Kulikuwa na nyuzi za hariri, vifungu vidogo vilivyosokotwa kama mkia wa mtoto wa mbuzi, nyekundu, njano, kijani za aina tatu. Kopo lilikaa juu ya dari, na mimi nilikatazwa hata kulitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni mate ya mdudu," aliniambia siku moja, ameuvuta uzi mmoja dirishani. "Pamba inaota shambani, hii imetoka kwenye mwili wa kitu kilichokuwa hai. Ndiyo maana inang'aa namna hii. Ukiivuta vibaya inakukumbuka."

Kazi zake za kila siku hazikuwa za hariri. Wasichana waliokaribia kuolewa walileta foronya na vitambaa vya mezani, naye aliwadarizia kwa uzi uliofumuliwa kutoka kwenye sweta kuukuu. Na hapa nikwambie jambo la kwetu ambalo wageni hawalijui. Mwanamke akikaribishwa nyumba ya watu, akakaa, akawekewa kitambaa kizuri mbele yake, alisubiri mwenye nyumba aende jikoni kuchukua chai. Mara tu alipogeuka, mgeni alishika pembe ya kitambaa na kuipindua. Sekunde moja tu. Akaona kama kuna mafundo, kama uzi umeruka kutoka ua moja hadi jingine kama mtu anayeruka mfereji, kama mwanzo na mwisho wa uzi vimefichwa. Akairudisha pembe, akaweka mikono mapajani. Mwenye nyumba naye alichelewa jikoni makusudi, kumpa nafasi. Kila mtu alijua, hakuna aliyewahi kusema.

Bibi yangu, ambaye hakuweza kushona hata kifungo, alikuwa jaji mkali kuliko wote. Tukitoka kwa watu, njiani alitoa hukumu. "Uso unacheka, mgongo unalia," alisema kuhusu kazi ya jirani mmoja, na yule jirani akabaki hivyo machoni pangu maisha yake yote, ingawa alikuwa mama mwema aliyenipa miwa.

Kwa hiyo nilijua. Sikuwa nimetimiza miaka kumi na moja, na tayari nilikuwa najua kwamba darizi nzuri haivuti kitambaa kikajikunja; kwamba ukitelezesha kidole juu ya jani hutakiwi kuhisi mahali sindano ilipochoka; kwamba hariri ikilazwa upande mmoja vizuri, ukikiinamisha kitambaa mbele ya dirisha, mwanga unatembea juu yake kutoka pembe hadi pembe. Nilijua yote haya kama nilivyojua jedwali la saba, yaani kwa kukariri, bila kufikiria kwamba siku moja litaniuliza swali.

Mwaka huo ikaja habari kutoka Same kwamba chuo cha ufundi cha wasichana kinatafuta mwalimu wa kudarizi. Hawakutaka cheti. Walitaka kila anayeomba alete kazi moja ya mkono wake, na akina mama watatu wataikagua. Mama mdogo alilishusha kopo kutoka darini.

Nielewe hapa, rafiki yangu, kwamba kwake hilo halikuwa jambo la kujifurahisha. Alikuwa amepita umri ambao wenzake waliolewa. Kaka zake walikuwa wameanza kuulizana shamba la bibi litagawanywaje, na katika mazungumzo yao jina lake halikutajwa. Kazi ile ilikuwa na chumba cha kuishi pale pale chuoni. Alikitaja sana hicho chumba. "Chenye mlango wa kufunga kwa ndani," alisema, kama mtu anayesimulia habari za ikulu.

Alidarizi miezi minne, kila mchana baada ya shamba, amekaa kwenye kigoda mlangoni ambako mwanga haukuwa na kivuli. Kitambaa kilikuwa bafta nyeupe. Alichora tawi la mbuni lenye kahawa inayoiva. Majani aliyajaza kwa kijani zote tatu, na uzi aliuchambua ukawa mwembamba mpaka nilikuwa siuoni, naona mkono wake tu ukipanda na kushuka hewani. Kahawa nyingine zilikuwa mbichi, nyingine nyekundu kabisa. Lakini kulikuwa na punje moja, katikati ya tawi, iliyokuwa ndiyo kwanza inaiva. Ilianza kijani upande mmoja, ikapita kwenye njano, ikaishia kwenye wekundu, na hukuweza kuonyesha kwa kidole mahali rangi moja ilipokoma. Bibi alikigeuza kitambaa upande wa nyuma, akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma tena. Akasema, "Sasa nimepotea. Uso ni upi?" Sikuwahi kumsikia akisifu kitu kingine kwa nguvu hiyo, pamoja na wajukuu zake.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Bibi alinipa ndizi mbichi nimenye kwa ajili ya jioni. Kila mtoto wa mgombani anajua utomvu wa ndizi: ukiwa mbichi hauonekani, ni kama maji, kitambo kidogo ni kahawia, kesho yake ni doa jeusi ambalo nguo itazikwa nalo. Nilimenya, nikafuta mikono kwenye gauni, nikaona mlango wa chumba cha mama mdogo uko wazi na yeye yuko kisimani. Nikaingia kuiangalia ile punje. Kuiangalia tu. Nikakitoa kitambaa kwenye khanga, nikakishika pembe, nikaigusa.

Doa lilitokea kwenye bafta nyeupe, karibu na pembe, kahawia, ukubwa wa kidole gumba changu. Mtu mwenye akili angekimbia kwenda kusema. Mimi nilikuwa na akili ya kufulia. Nikaikunja khanga tupu kama ilivyokuwa, nikachukua kitambaa, nikachota maji ya majivu kwenye kopo, nikashuka mferejini, nikaloweka. Nilikuwa nimeona yale maji yakiyafanya mashati kuwa meupe kama meno. Nikasugua kwa nguvu zangu zote, nikasuuza, nikaanika nyuma ya migomba.

Doa la utomvu lilizidi kuwa jeusi. Hilo ndilo lilikuwa dogo. Wekundu wa kahawa ulivuja ukaipa bafta ya katikati rangi ya ufizi. Na hariri, kitu kilichotoka kwenye mwili wa mdudu, ilikuwa imeliwa na yale maji kama nywele zinavyoliwa na dawa kali. Haikung'aa tena. Nilikiinamisha kitambaa huku na huku mbele ya jua, na mwanga haukutembea kwenda popote. Ile punje inayoiva ilikuwa imeota manyoya.

Kilipokauka nilikikunja vizuri sana, uso ndani mgongo nje, nikakirudisha ndani ya khanga alimokihifadhi. Mama mdogo alikuwa amekwisha kukifunga kwa ajili ya safari, hakukifungua tena, aliogopa kukichosha. Kwa siku tatu nilikula makande kama mtu anayetafuna kokoto, na usishangae nikikwambia nilimaliza sahani zote.

Nilipelekwa naye Same, kwa sababu kulikuwa na kikapu cha tangawizi cha kumpelekea shangazi na mikono yake mama mdogo ilikuwa ya kubebea khanga. Tulishuka na lori la mbao. Njia nzima alikuwa ameshikilia lile fungu kifuani na kuniambia habari za chumba.

Wale akina mama watatu walikaa nyuma ya meza ndefu, na mkubwa wao alikuwa mwalimu mstaafu wa ufundi, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Tulimwamkia shikamoo akaitika marahaba bila kuinua kichwa, kwa sababu alikuwa anakagua kazi ya mwombaji mwingine, dada mmoja wa huku chini. Kitambaa chake kilikuwa na mawaridi ya uzi wa nailoni, yanang'aa mpaka yanachosha. Mwalimu alikipindua. Nyuma kulikuwa na mafundo na nyuzi zimepishana kama kiota cha shomoro. Akakiweka chini, akafuta miwani.

"Wewe wa Mhezi. Lete."

Mama mdogo alifungua khanga. Kitambaa kilikuwa uso ndani, mgongo nje, kama nilivyokikunja, na mwalimu, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kuanza, aliutazama mgongo wa pembe iliyokuwa juu, majani tu, ambako wekundu haukufika. Alitazama muda mrefu. Alifumba macho akaupitishia kidole. Akawageukia wenzake akasema kwa sauti ya chini, "Njooni muone. Hakuna mwanzo, hakuna mwisho." Mama mdogo alisimama pale mikono imeshikana, na uso wake uling'aa, nikauona hivyo kwa mara ya mwisho.

Kisha mwalimu akakifunua.

Mama mdogo alisogea, akakichukua kutoka mezani kwa mikono miwili, akakipeleka puani. Maji ya majivu yana harufu yake, haitoki upesi. Akanitazama mimi niliyekuwa nimekaa kwenye benchi na kikapu cha tangawizi miguuni. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anayesoma barua.

"Hii kazi ni ya fundi," mwalimu alisema, na sauti yake haikuwa kali, nataka ujue hilo. "Ila kuna mtu ameiua. Nani amefua hariri kwa majivu? Mtoto?"

Alichotakiwa ni kusema ndiyo, basi. Na asiposema yeye, nilichotakiwa mimi ni kusimama tu. Benchi lilikuwa fupi, miguu yangu ilifika sakafuni. Nilihesabu vigae vya dari badala yake.

"Ni mimi," alisema mama mdogo. "Nilitaka iwe safi."

Mwalimu alivua miwani, ikaning'inia kifuani.

"Ungeniambia ni mvua, ni panya, ningekuelewa." Alikuwa amechoka, hata mimi nililiona. "Yule mwenye mawaridi hajui kitu, nitamfundisha kuficha mafundo. Wewe nitakufundisha nini, mama? Unajua kila kitu, na bado umeichukua hariri ukaitia kwenye majivu. Nikikupa wasichana wangu?"

Kazi akapewa yule wa mawaridi. Tulimpelekea shangazi tangawizi yake, tukanywa chai. Njiani kupanda mlima mama mdogo alinifunika na ile khanga kwa sababu ya baridi. Kwa nini alisema ni yeye, sijui mpaka leo. Bibi angenichapa, kweli, lakini nilikuwa nimechapwa mara nyingi na nikapona. Labda aliona kwamba kuacha mlango wazi lilikuwa kosa lake. Labda hakupenda kusimama mbele ya watu akimnyooshea mtoto kidole. Mimi nilifanya kazi yangu ya kawaida, ambayo ni kunyamaza na kula.

Mwaka uliofuata aliolewa Kisiwani, kijiji cha kule chini tambarare, mke wa pili wa mfugaji mmoja mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Nilipopata sekondari nilikuwa napita kwake likizo. Alikuwa bado anadarizi foronya, kwa uzi wowote, na alikuwa bado ananipindua kola ya shati kutazama mshono. Mara moja, nikiwa kidato cha nne na Kiswahili changu kimejaa maneno ya kujieleza, nilianza: "Mama mdogo, kile kitambaa…" Akasema, "Kipi? Kunywa, chai inapoa." Nikanywa. Mimi nikiambiwa ninywe chai huwa sibishi. Sasa ni mwaka wa sita tangu tumzike.

Basi siku ile ya tausi, nimechoka kama nilivyokwambia, nilimsimulia jirani yote haya, jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu. Akawa anachambua maharage, anasikiliza. Nikafika mahali ambapo huwa najipumzishia mwenyewe kila nikikumbuka. Nikamwambia: lakini hata hivyo, ingesaidia nini? Wakati wa ruksa ulipokuja, biashara ikafunguliwa, maduka yalijaa. Vitambaa vya mashine vikashuka kwa marobota, vya kutoka huko duniani, vinang'aa, na maharusi wakaacha kupanda Mhezi na foronya zao. Nani tena anapindua pembe ya kitambaa siku hizi? Wageni wangu wanaweka simu juu yake. Lile darasa la kudarizi pale chuoni lilikaa miaka minane tu, likafungwa, cherehani zikatolewa, chumba kikawa cha kompyuta. Yule wa mawaridi alirudishwa kwao. Na mama mdogo angerudishwa vilevile. Kwa hiyo mimi, nikasema, sikumwondolea kitu ambacho dunia isingemwondolea yenyewe.

Nilisema vizuri. Nilikuwa nimefanyia mazoezi miaka mingi. Jirani aliokota kokoto kwenye ungo, akalitupa uani kwa kuku, akasema:

"Miaka minane kwenye chumba chenye mlango wa kufunga kwa ndani, mwenzangu. Hiyo unaiita 'tu'?"